Wasiwasi wa Moyo na Amana ya Dawa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akamfungulia milango ya kutafuta nguvu. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na aali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya shule! Leo tumekusudia kuzungumza juu ya maradhi yasiyoonekana kwa macho, na juu ya dawa inayomezwa kwa kificho. Nalo ni jambo ambalo hatuna haki ya kulizungumza kabla ya kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya magharibi, kijana mmoja alitujia akatuuliza swali kwa niaba ya mama yake. Mama huyo ni mjane, na tangu afiwe na mumewe alikuwa akimeza kila usiku kidonge cha kutuliza moyo na kuleta usingizi. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mitatu. Alitaka kujua: Je, hii ni haramu? Na je, imani yake imedhoofika? Sisi hatukumwuliza jina la dawa. Hatukuuliza ni nani aliyempa, wala ni kwa maradhi gani. Tulimjibu kwa haraka kwamba mwenye Kurani kifuani hahitaji vidonge, basi na avitupe, na badala yake asimame usiku kwa sala.

Mama yule alitii. Alivitupa vyote siku ile ile. Usiku wa kwanza hakupata usingizi, na wa pili hivyo hivyo. Baadaye akaanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, na moyo kumwenda mbio hata akidhani anakufa. Siku ya nane alianguka jikoni, akatukutika kama mwenye kifafa. Alikimbizwa hospitali, na kwa fadhila za Mwenyezi Mungu akanusurika. Daktari akawaeleza jamaa zake kwamba mwili uliokwisha kuizoea dawa ile haukatiwi ghafula.

Kijana alipotujia tena hakuja kwa hasira. Alisema maneno machache tu: "Sheikh, mama anakusalimia. Anauliza kama kuanguka kule nako kulikuwa udhaifu wa imani." Hatukuwa na jibu. Khutba ya leo ndiyo jibu tunalodaiwa.

Ndugu zangu katika imani! Zama za Mtume wetu (S.A.W.) watu walikuwa safarini, na mmoja wao akapasuliwa kichwa kwa jiwe. Kisha akapata janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akawalaumu kwamba wao ndio waliomuua, akawafahamisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Tazameni, enyi waja wa Mungu! Watu wale hawakukusudia ila kuilinda dini. Lakini walitoa hukumu katika jambo la mwili bila ya kuujua mwili, na nia njema haikumrudishia mwenzao roho yake.

Basi na tuulize, na tulichukue swali la mama yule tangu mwanzo wake.

Kwanza: Je, wasiwasi wa moyo ni udhaifu wa imani? Katika lugha yetu neno wasiwasi lina maana mbili. Iko wasiwasi ya shetani, ambayo ni mnong'ono wa kumvuta mja kwenye maasi au kumtilia shaka katika udhu na sala yake. Dawa yake ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na kuupuuza. Na uko wasiwasi ulio maradhi, ambao mtu huamka nao bila ya sababu, kifua kikambana, pumzi zikawa fupi, tumbo likasokota, mawazo yakazunguka usiku kucha, hata akashindwa kazi yake na watoto wake. Huo si mnong'ono wala si dhambi. Ni maumivu kama maumivu mengine.

Kurani yenyewe inatusimulia kwamba Nabii Musa (A.S.) aliingiwa na hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni. Inatusimulia kwamba moyo wa mama yake ulibaki mtupu alipomtia mtoni. Inatusimulia kwamba Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye alikuwa na subira njema. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kwa wingi kukingwa na hamu na huzuni, akiyataja mambo hayo pamoja na kulemewa na deni. Kama mawimbi haya yamezipiga nyoyo za Manabii na wateule, vipi sisi tunamnyooshea kidole mjane asiyelala?

Pili: Je, inafaa kutibu maradhi haya kwa dawa? Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawajulisha kuwa kila maradhi yameumbiwa dawa yake isipokuwa uzee. Hakuutoa moyo katika jumla hiyo. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliporudi njiani asiingie nchi yenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kuwa anaikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyingine. Basi maradhi ni kadari, na tiba ni kadari vile vile.

Wazee wetu wa Kiislamu waliyafahamu haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi pamoja, akazipa hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kila moja mlango wake. Alieleza kuwa iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, na iko huzuni isiyojulikana sababu yake, bali asili yake imo mwilini, nayo hutibiwa kwa tiba ya mwili. Na katika mji wa Cairo, Sultani Qalawun alijenga mwaka 1284 hospitali kubwa ya wakfu, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao humo. Anayesema kwamba kutibu nafsi kwa daktari ni jambo la kigeni katika Uislamu, basi hakuisoma historia ya Uislamu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mkishatulia na hayo, sikilizeni upande wa pili. Maana kosa la kukataza dawa lina ndugu yake, nalo ni kosa la kuimeza dawa bila ya mpaka.

Dawa aliyokuwa akiitumia mama yule ni diazepam, ambayo wengi waliijua kwa jina la Valium. Ni ya jamii iitwayo benzodiazepini. Ya kwanza katika jamii hiyo ilitoka mwaka 1960, na diazepam ikafuata mwaka 1963. Mkemia aliyezigundua ni Leo Sternbach. Zilipokewa kwa furaha, kwa kuwa dawa za kutuliza zilizotangulia zilikuwa zikiua kwa urahisi mtu akizidisha kiasi. Katika miaka ya 1970 diazepam ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa wingi kabisa duniani. Watu waliimeza kwa msiba na kwa ugomvi wa nyumbani, na hata kwa uchovu wa kazi. Ndipo ikadhihirika kuwa wengi walioianza hawakuweza kuiacha.

Mwaka 1984 dawa za jamii hii ziliingizwa katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Mwaka 1988 wakuu wa usalama wa dawa wa Uingereza waliwaonya madaktari wao wasizitoe kwa wasiwasi ila ule mkali, na kwa muda wa wiki 2 mpaka 4 tu. Mwaka 2020 Marekani iliamuru onyo kali la uraibu liandikwe katika maelezo ya dawa hizi zote. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa dawa hizi zisiwe ndiyo tiba ya maradhi ya wasiwasi. Katika dharura kali zaweza kutumika, lakini kwa siku 3 mpaka 7 tu.

Ni nini siri yake? Mwenyezi Mungu ameweka katika ubongo kitu kiitwacho GABA, ambacho kazi yake ni kupoza, kama breki katika gari. Dawa hii huikaza breki hiyo. Ndiyo maana mtu huimeza, na baada ya muda mfupi kifua kikafunguka. Lakini ubongo ukiona kila siku breki inakazwa na mkono wa nje, nao hulegeza mkono wake. Baada ya wiki kadhaa kidonge kile kile hakitoshi tena kwa wengine. Na siku mtu akikitoa ghafula, gari hubaki mteremkoni halina breki: usingizi hukimbia, mikono hutetemeka, wasiwasi hurudi kwa nguvu kuliko wa kwanza, na baadhi huanguka kifafa. Na kwa kuwa diazepam hukaa mwilini siku nyingi, balaa hilo laweza kuchelewa mpaka mtu akadhani amekwisha kusalimika.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Lakini na tupambanue, maana katika kupambanua ndimo mna uadilifu. Mtu aliyepewa dawa na daktari, akaimeza kama alivyoagizwa, kisha mwili wake ukaizoea, huyo hakufanya dhambi, wala hafai kuitwa mlevi. Huyo ni mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kuteremka ngazi. Ama yule anayeitafuta dawa hii kwa ajili ya kulewa, au kuichanganya na pombe na unga ili azidishe ulevi, huyo amevuka mpaka wa tiba na kuingia katika kilichoharimishwa, na ulevi haubadiliki kuwa halali kwa sababu umetiwa katika kidonge cheupe. Hata hivyo naye ni ndugu yetu, na mlango wa toba na mlango wa hospitali yote miwili iko wazi kwake.

Wanazuoni wametuwekea kanuni kwamba kilichoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Mwenye njaa ya kufa huruhusiwa kula mzoga kwa kadiri ya kuokoa roho, wala haruhusiwi kuufanya karamu. Basi dawa ya kutuliza na ipimwe hivyo hivyo: kwa haja, kwa kiasi, na kwa muda. Mwili ni amana, na dawa inayoingia mwilini ni amana pia.

Kwa hiyo, ewe uliyepewa dawa hii, shika mambo matano.

La kwanza, muulize daktari wako maswali matatu kabla hujaondoka: dawa hii inaitwaje, ni kwa maradhi gani, na nitaiacha lini na kwa njia gani. Kuuliza si utovu wa adabu.

La pili, usimgawie mwenzio vidonge vyako, wala usimeze vya mwenzio. Sisi watu wa pwani tumezoea kupeana dawa kama tupeanavyo chumvi. Lakini kidonge kilichomfaa shangazi chaweza kumdhuru mjukuu.

La tatu, usiichanganye na pombe, ambayo asili yake ni haramu, wala na dawa kali za maumivu au dawa nyingine za usingizi bila ya idhini ya daktari, kwani pumzi yaweza kuzimika usingizini. Usiendeshe gari hali umelewa usingizi wake. Na wazee wajihadhari, kwani wengi huanguka usiku wakavunjika nyonga. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wamwambie daktari hali yao.

La nne, na hili lisikieni vizuri: ikiwa umekwisha kuizoea, usiitupe leo kwa sababu ya khutba hii wala khutba ya mtu ye yote. Nenda kwa daktari, naye atakupunguzia kidogo kidogo, pengine sehemu moja ya kumi au chini yake kwa kila wiki kadhaa, akitazama hali yako. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi. Katika dini yetu kuteremka polepole si unafiki. Pombe yenyewe Mola wetu aliiharimisha kwa hatua, kwa kuwahurumia waja wake.

La tano, Ramadhani isikukute hujajiandaa. Mwendee daktari mwezi wa Shaabani, akupangie saa za dawa kati ya futari na daku ikiwezekana. Na isipowezekana, mgonjwa ana ruhusa kutoka kwa Mola wake, wala si ushujaa kuikataa ruhusa ya Mola wako.

Wala msidhani kuwa asiyepewa dawa hii hana tiba. Iko tiba ya mazungumzo, ambayo mtaalamu humfundisha mgonjwa kuyakabili mawazo yake na kurejea hatua kwa hatua katika yale anayoyaogopa. Ziko dawa nyingine, kama fluoxetine na sertraline, ambazo hazileti utulivu kwa saa moja. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hazina uraibu wa namna ile, ingawa nazo haziachwi ghafula. Na pamoja na hayo yote iko sala, iko dhikri, iko sadaka, na iko kuketi na watu wema. Sala haigombani na dawa. Ngamia hufungwa kamba, kisha mwenyewe akamtegemea Mwenyezi Mungu.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na aali zake na sahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Yamebaki maneno kwa watu wa namna nne.

Neno la kwanza ni letu sisi maimamu na walimu. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye kutibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Hadithi hii tulikuwa tukiwasomea waganga wa vichochoroni. Leo tunajisomea wenyewe. Akitujia mgonjwa, tumwombee, tumsomee, tumfariji. Na katika habari ya vidonge vyake, tumpeleke kwa mwenye elimu ya vidonge.

Neno la pili ni kwa wenye maduka ya dawa. Dawa hizi haziuzwi bila ya cheti cha daktari. Anayemwuzia kijana kwa kificho, akijua anakwenda kulewa nazo, chumo lake ni katika yale atakayoulizwa Kiyama: amelipata wapi?

Neno la tatu ni kwa vijana wetu wanafunzi. Hofu ya mtihani ni jambo la kawaida, na nyingi huisha mtihani unapokwisha. Usimeze kidonge cha rafiki ili ulale usiku wa mtihani. Utaamka na kichwa kizito, na kumbukumbu imefifia. Bali ikiwa hofu imekaa miezi, hulali, huli, na masomo yamekushinda, basi mwambie mzazi au mwalimu. Mficha maradhi kilio humfichua.

Neno la nne ni kwa jamaa wa wagonjwa. Msimwambie mgonjwa kwamba anajidekeza. Msimwambie kwamba angekuwa na imani angepona. Mpelekeni zahanati kwa heshima ile ile mnayompelekea mwenye sukari au mwenye presha. Hospitali za maradhi ya akili, kama Kidongo Chekundu kule Unguja, Mirembe kule Dodoma, na Mathari kule Nairobi, si mahali pa aibu. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamuru wafiwa na wagonjwa wapikiwe uji wa shayiri, akisimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Basi aliye na dawa atoe dawa, na aliye na uji apike uji, na asiye na kitu aketi karibu na mgonjwa anyamaze.

Ama mama yule tuliyemtaja, tulimwendea nyumbani kwake tukamtaka radhi mbele ya watoto wake. Alitusamehe. Daktari alimrejeshea dawa yake, kisha akaipunguza taratibu, na ilichukua karibu mwaka mzima mpaka alipoiacha. Kuna nyusiku ambazo usingizi bado humpiga chenga, naye hutuambia kwamba usiku kama huo huamka akasali rakaa mbili, na asubuhi akipata tabu humpigia daktari simu. Na jibu la swali lake, ambalo tulilikosa siku ile, ni hili: La, mama. Kuanguka kule hakukuwa udhaifu wa imani yako. Kulikuwa upungufu wa elimu yetu.

Ewe Mola wetu! Waponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Watulizie nyoyo zao waliokosa usingizi, na wape wanaoteremka ngazi ya mazoea nguvu ya kufika chini kwa salama. Wape madaktari wetu elimu na huruma, na sisi wahubiri utupe adabu ya kunyamaza katika tusilolijua. Wasamehe waliofariki kwa dhiki hii hali tuliwadhania vibaya. Tupe wema wa dunia na wema wa Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mola wetu anatuamrisha uadilifu na ihsani na kuwapa jamaa haki zao. Mkumbukeni, naye atakukumbukeni. Simameni kwa Sala.